Kujaribu si Kuthibitisha: Programu za C na Sharti Linalofichwa

Kuna maneno mawili ambayo siku hizi hutembea pamoja kama pacha katika taarifa za mashirika yetu: umejaribiwa na kuthibitishwa. Mfumo wa kulipia maji ukizinduliwa, tunaambiwa umejaribiwa na kuthibitishwa. Mashine ya hospitali ikishushwa kutoka lorini, nayo imejaribiwa na kuthibitishwa. Msikilizaji wa redio huyapokea kama tunavyopokea "salama salimini", yaani neno la pili limekuja kulipamba la kwanza tu.

Kwa watu wanaotunga programu za tarakilishi, hao si pacha hata kidogo. Kujaribu ni kuchukua mifano kadhaa, kuiendesha, na kutazama kitakachotokea. Kuthibitisha ni kuonyesha kwa hoja, kama afanyavyo mwanafunzi wa jometri, kwamba jambo haliwezi kuwa vingine kwa mfano wowote ule, uliojaribiwa na usiojaribiwa. Mholanzi Edsger Dijkstra aliueleza utengano huo zaidi ya nusu karne iliyopita: majaribio yanaweza kukuonyesha kwamba kosa lipo, lakini hayawezi kukuonyesha kwamba halipo.

Kuna na neno la tatu, kuhakiki. Sisi wa fasihi tumelishika tukalifanya kazi ya kuzipima riwaya na diwani. Tume ya uchaguzi inalitumia kwa sajili ya wapigakura. Waajiri wanahakiki vyeti. Ni neno pana, lina undugu na "haki" na "hakika", na katika makala haya nitalitumia kama mwavuli: chombo cha kuhakiki programu ni programu inayosoma programu nyingine na kuikagua. Swali langu la leo ni dogo. Chombo hicho kikimaliza kazi yake, tuna haki ya kusema nini?

Sisi wa Malindi swali hili halituhusu kwa mbali. Ukivuka daraja la Sabaki, ukapita Mambrui na Gongoni, kisha ukakata kuelekea baharini, utafika Ngomeni, na pale utayaona majukwaa ya Waitaliano yamesimama majini kwa miguu ya chuma. Kutoka hapo, kati ya 1967 na 1988, zilirushwa roketi zilizobeba setilaiti. Iliyojulikana zaidi ilipaa tarehe 12 Desemba 1970, ikaitwa Uhuru kwa sababu ilikuwa siku ya Jamhuri yetu. Ndiyo setilaiti ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya kuzitazama nyota kwa miale ya eksirei. Wakati huo lugha ya C haikuwapo. Dennis Ritchie aliiunda katika maabara ya Bell, Marekani, mnamo 1972.

Roketi hazirushwi tena Ngomeni, ila antena za kituo zingali zikisikiliza. Darubini ya James Webb iliporushwa kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa, tarehe 25 Desemba 2021, kituo cha Malindi kilikuwa miongoni mwa vituo vilivyopokea ishara zake katika saa zile za mwanzo. Roketi iliyoibeba ni ya aina ya Ariane 5. Na Ariane 5 ndiyo inayotajwa kila mara watu wanapozungumzia kuhakiki programu, kwa sababu ya ile ya kwanza kabisa.

Hiyo ya kwanza ilipaa tarehe 4 Juni 1996 ikiwa na setilaiti nne za kisayansi. Sekunde kama 37 baada ya injini kuu kuwashwa, ikapinda ghafla, ikavunjika, ikajilipua. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jacques-Louis Lions ilitoa ripoti mwezi uliofuata, na chanzo walichokitaja kingekaa katika mstari mmoja. Programu ya kuielekeza roketi ilichukua kipimo kinachohusiana na mwendo wa mlalo, kilichohifadhiwa kwa biti 64, ikajaribu kukiingiza katika nafasi ya biti 16. Nafasi hiyo haipokei namba inayozidi 32,767. Kipimo kilizidi. Tarakilishi ya akiba, iliyowekwa kwa ajili ya dharura, ilikuwa tayari imezimika kwa kosa lilelile, maana ilikuwa inaendesha programu ileile.

Cha kushangaza ni kwamba sehemu hiyo ya programu ilitoka katika Ariane 4, roketi iliyokuwa ikiruka bila shida. Waliopima hatari walijua namba saba zingeweza kufurika. Wakazikinga nne, tatu wakaziacha, kwa hoja kwamba haziwezi kufikia ukubwa huo. Na kwa Ariane 4 hoja ilikuwa sahihi! Ariane 5 ilikuwa na mwendo mkali zaidi. Zaidi ya hayo, kipande hicho cha programu hakikuwa na kazi yoyote baada ya roketi kupaa. Kiliachwa tu kikiendelea kwa sekunde arobaini kwa mazoea ya roketi ya zamani.

Programu hiyo haikuandikwa kwa C. Iliandikwa kwa Ada, lugha yenye nidhamu kali zaidi. Ada iligundua kwamba namba haitoshei, ikapiga yowe, ila hakuna aliyewekwa wa kuitikia yowe hilo. Katika C hata yowe lisingekuwapo, na hapo ndipo mjadala wa lugha unapoanzia.

Mwanafunzi wa isimu anajua kwamba sentensi inaweza kuwa safi kisarufi na bado isiwe na maana. "Jiwe limekunywa chai yake kwa hasira." Ngeli iko sawa, upatanisho uko sawa, njeo iko sawa. Tatizo halipo katika sarufi. Lugha za programu nazo zina ngazi hizo mbili. Kuna kompaila, yaani programu inayoigeuza maandishi ya mtungaji kuwa amri za mashine. Hiyo ndiyo mwalimu wa sarufi. Ukisahau nuktamkato, itakurudisha. Lakini C ina sentensi nyingi ambazo kompaila huzipokea bila kinyongo ilhali kanuni rasmi za lugha zinasema wazi kwamba hazina maana yoyote. Kugawanya kwa sifuri ni mojawapo. Kusoma kitu cha kumi na moja katika safu yenye vitu kumi ni nyingine. Kujumlisha namba kamili zenye alama mpaka zifurike nafasi yake ni ya tatu. Orodha ni ndefu.

"Hazina maana" hapa si tamathali. Kanuni hazisemi programu itasimama, wala hazisemi itatoa jibu baya. Hazisemi chochote. Mashine moja itatoa namba hasi, nyingine itasoma kumbukumbu ya jirani, ya tatu itaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Mnamo Aprili 2014 dunia ilitangaziwa dosari iliyopewa jina la Heartbleed katika OpenSSL, programu ya C inayolinda mawasiliano ya tovuti nyingi sana. Mtu aliweza kuiambia seva, "Nirudishie neno langu, lina herufi elfu sitini na kitu," hali neno lenyewe lilikuwa na herufi chache. Seva ikamrudishia neno lake pamoja na chochote kilichokuwa jirani katika kumbukumbu, yakiwamo maneno ya siri ya watu wengine. Kisarufi, hapakuwa na kosa.

Mtu atauliza, basi kwa nini lugha yenye mashimo hivi haitupwi? Kwa sababu ni nyepesi, ina kasi, na imeenea. Lugha nazo zina koo. C ilitokana na B, B ikatokana na BCPL, na C yenyewe imezaa wengi. Wanaisimu waliopanga ukoo wa Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro waliupa jina la mto wetu huu, Sabaki. Na kama vile huwezi kukiondoa Kiswahili pwani kwa kuwa kina vighairi katika ngeli zake, ndivyo usivyoweza kuiondoa C katika magari, ndege, simu na mashine za dawa. Imekwisha kuwa lugha ya mama ya vyombo vidogo.

Haya, tuje kwenye chombo kidogo chetu. Tuchukulie wanafunzi wa hapa Kilifi wamefunga kihisi chini ya daraja la Sabaki kupima kina cha maji. Wametumia bodi ndogo ya Arduino, aina ya bei nafuu ambayo namba yake ya kawaida, inayoandikwa int, ina biti 16. Kwa kuwa mawimbi huyumbisha kipimo, programu inasoma kina mara kumi kwa milimita, inajumlisha, kisha inagawanya kwa kumi ili kupata wastani. Wastani ukizidi milimita 3,000, king'ora kinalia kijijini. Moyo wa programu ni mistari hii:

int jumla = 0;
for (int i = 0; i < 10; i++) jumla = jumla + kina[i];
int wastani = jumla / 10;

Mstari wa pili ni kitanzi: rudia mara kumi, kila mara ongeza kipimo kinachofuata. (Ndiyo, majina ya vigeu yanaweza kuwa ya Kiswahili. C haijali, na ni jambo la kusikitisha kwamba walimu wengi hawawaambii wanafunzi.)

Wanafunzi wanaijaribu. Kiangazi maji ni milimita 900. Jumla 9,000, wastani 900. Safi. Wanakipeleka kihisi kwenye tangi wakajaza maji hadi milimita 3,100. Jumla 31,000, wastani 3,100, king'ora kinalia. Safi tena. Wanapima 2,999 kikanyamaza na 3,001 kikalia. Mwalimu yeyote angewapa alama zote. Imejaribiwa.

Sasa mvua inyeshe huko bara, Athi na Tsavo zimimine, maji yafike milimita 4,000. Vipimo kumi vinajumlika kuwa 40,000, nafasi inaishia 32,767. Kanuni za C hazisemi lolote, lakini mara nyingi bodi ya namna hii huzunguka na kuanzia chini: 40,000 hugeuka kuwa hasi 25,536. Wastani, hasi 2,553. Mto, kwa mujibu wa programu, uko mita mbili na nusu chini ya sakafu yake. King'ora kinanyamaza.

Hebu itafakari tabia hiyo. Maji yakipita mita tatu king'ora kinalia, wenye mashamba ya kandokando ya mto wanaamka, wanaanza kukusanya mbuzi. Maji yakipita kama mita tatu na robo, kinanyamaza. Mtu yeyote mwenye akili timamu atasema maji yameshuka, arudi kulala. Waliokuwapo wakati wa mvua za El Niño za 1997 wanajua Sabaki huamua mambo yake usiku mmoja. Chombo hiki ni kibaya kuliko kutokuwa na chombo, na kimepita kila jaribio. Nao Waswahili walioamua namba nazo "zifurike" kama mto, sijui walikuwa wanatania au la.

Je, wangejaribu zaidi? Vipimo ni kumi, na kila kimoja kinaweza kuwa na thamani 65,536. Michanganyiko yote ni namba yenye tarakimu 49. Ukijaribu milioni moja kwa sekunde tangu dunia iumbwe, hujaanza.

Chombo cha kuhakiki hakifuati njia hiyo. Nitaeleza kimoja, CBMC, kwa kuwa ni cha bure, kimekuwapo tangu miaka ya mwanzo ya 2000, na mwanafunzi anaweza kukiweka kwenye tarakilishi yake mwenyewe. Hakiiendeshi programu. Kinaisoma, kisha kinaigeuza kuwa fomula moja kubwa ya mantiki, yenye vigeu visivyo na thamani bali majina: kipimo cha kwanza tukiite hiki, cha pili kile. Kitanzi kinakunjuliwa: badala ya "rudia mara kumi" kinaandika mistari kumi. Halafu kinauliza swali kwa kinyume, kama wakili: je, kuna thamani zozote za vipimo hivi kumi zitakazoifanya jumla ifurike? Fomula hiyo inapelekwa kwa kitatuzi, programu iliyobobea katika kazi moja tu ya kutafuta kama fomula inaweza kuwa kweli. Kitatuzi kikisema haiwezekani, hapo pamethibitishwa, maana michanganyiko yote ya tarakimu 49 imekanushwa kwa hoja moja. Kikisema inawezekana, kinakuletea thamani zenyewe.

Thamani hizo ndizo zawadi. Wahandisi wana jina lao. Mimi ningependekeza tuziite mfano kanushi, kwa kuwa msomaji wa safu hii anaijua sentensi kanushi. Humwambii mtungaji "nina wasiwasi na programu yako." Unamwambia: kihisi kikisoma hivi, kisha hivi, kisha hivi, katika mzunguko huu wa kitanzi jumla itavuka 32,767, mstari ni huu. Hakuna mahali pa kubishana.

Wanafunzi wetu wakikiendesha, wakikiambia kwamba bodi yao ni ya biti 16 na kwamba kikague mafuriko ya namba na mipaka ya safu, mfano kanushi wa kwanza huenda ukawachekesha: kina cha hasi thelathini elfu. Chombo hakijui mto ni nini. Kwake kila namba ni halali. Basi wanaongeza sharti, mstari mmoja unaosema chukulia kila kipimo ni kati ya 0 na 6,000, ambao ndio uwezo wa kihisi chao. Wanaendesha tena. Chombo kinakataa tena, safari hii bila mzaha: vipimo sita vya 6,000, jumla 36,000, imefurika kabla hata kitanzi hakijaisha. Dawa ni neno moja. Badala ya int jumla, waandike long jumla, ambayo katika bodi hiyo ina biti 32. Jumla kubwa kabisa sasa ni 60,000 na nafasi ni zaidi ya bilioni mbili. Chombo kinakubali.

Kazi ya sekunde chache. Lakini tusiharakishe kushangilia, maana hizi programu za kuhakiki nazo zina mipaka, na mipaka yenyewe si ya bahati mbaya. Alan Turing alionyesha tangu 1936 kwamba hakuna utaratibu mmoja unaoweza kuamua, kwa kila programu, kama itafika mwisho au itazunguka milele. Kila chombo cha kuhakiki, basi, lazima kikubali udhaifu fulani. CBMC kimekubali udhaifu wa vitanzi. Kitanzi cha mara kumi ni rahisi kukikunjua; kitanzi cha "endelea mpaka mtu abonyeze kitufe" hakikunjuki, kwa hiyo unakipa kikomo, tuseme mara hamsini. Kwa haki yake, chombo kinaweza kukuonya kwamba kikomo chako hakikutosha. Onyo hilo pia linaweza kuzimwa, na ukilizima, kunyamaza kwa chombo maana yake ni kwamba hakuna kosa katika mizunguko hamsini ya kwanza. Ya hamsini na moja Mungu ndiye ajuaye.

Wengine walichagua udhaifu tofauti. Patrick na Radhia Cousot walieleza mwaka 1977 mbinu ambayo naweza kuilinganisha na uzio wa wavuvi kwenye maji mafupi. Mvuvi wa uzio hamfuati samaki mmojammoja. Anasimika fito kuzunguka eneo, na anajua kwamba samaki wake wote wako ndani. Vivyo hivyo, badala ya kufuatilia kila thamani ya kigeu, chombo kinakizungushia mipaka: kigeu hiki, popote programu itakapopita, kitakuwa kati ya hapa na pale. Uzio ukiwa ndani ya eneo salama, yote yaliyomo ni salama, hata vitanzi visivyo na mwisho. Ila uzio huzunguka pia maji matupu. Ukigusa eneo la hatari kwa upande usio na samaki, chombo kitapiga kelele bure. Kelele za bure zikizidi, mtungaji ataacha kusikiliza, na hilo ni tatizo la kweli katika kazi hii.

Ufundi, basi, ni kuusuka uzio uwe wa karibu kadiri inavyowezekana bila kumwacha samaki nje. Kundi la Cousot mjini Paris lilijenga chombo kiitwacho Astrée kwa programu za C za ndege. Mnamo Novemba 2003 kilithibitisha kwamba programu kuu ya kuongozea ndege ya Airbus A340, mistari 132,000 ya C, haiwezi kuangukia makosa ya namna tulizotaja: kufurika, kugawanya kwa sifuri, kutoka nje ya safu. Bila kelele hata moja ya bure. Mnamo 2008 kikafanya kazi kama hiyo kwa programu ya chombo cha anga cha Ulaya, Jules Verne, kilichojishikiza chenyewe kwenye kituo cha kimataifa cha anga. Chombo hicho kilirushwa na Ariane 5.

Sasa narudi kwenye swali langu, tuna haki ya kusema nini. Tazama tena kazi ya wale wanafunzi. Chombo hakikusema "programu yenu ni salama." Kilisema: programu haifuriki, kila kipimo kikiwa kati ya 0 na 6,000. Ile -ki- ya masharti ndiyo yenye uzito wote. Na hebu fikiri kama mwanafunzi mmoja, kwa uvivu au kwa haraka ya kumaliza, angeacha int ilivyo, akabadilisha sharti badala ya programu: chukulia kila kipimo ni kati ya 0 na 3,000. Chombo kingekubali mara moja, kwa uaminifu kamili. Mara kumi elfu tatu ni elfu thelathini, haifuriki. Kwenye ripoti ingeandikwa imethibitishwa, na isingekuwa uongo. Mto tu ndio usingelijua hilo sharti.

Waliotengeneza programu ya Ariane 4 walikuwa na sharti la namna hiyo kuhusu mwendo wa mlalo. Lilikuwa la kweli kwa roketi yao. Programu ikahamishiwa roketi nyingine, sharti likabaki nyuma. Kwa hiyo ninaposikia "imethibitishwa" ikiwa imesimama peke yake, naisikia kama kishazi tegemezi kilichopotezewa mwenzake. Mwalimu wa darasa la saba angeizungushia wino mwekundu: kwa sharti gani?

Kuna na upungufu mwingine ambao hata uzio mzuri hauutibu. Makosa tuliyoyajadili ni ya sentensi zisizo na maana. Je, sentensi yenye maana, lakini maana isiyo yenyewe? Mwezi Machi 2013 Wakenya tulikaa mbele ya runinga tukitazama kura zilizokataliwa zikipanda hadi zaidi ya 300,000, kabla ya tume ya uchaguzi kueleza kwamba programu ilikuwa ikiizidisha idadi hiyo kwa nane. Kuzidisha kwa nane si kosa la lugha. Ni hesabu halali kabisa, haifuriki, haitoki nje ya safu yoyote. Chombo kinachotafuta mafuriko kingepita hapo bila kutikisa kichwa. Ili kikamate kosa la aina hiyo lazima kiambiwe kinachotarajiwa, kwa mfano kwamba kura halali na zilizokataliwa zikijumlishwa zilingane na zilizopigwa. Watungaji huliita dai, na C ina neno lake la kuliandika ndani ya programu. Dai likiandikwa, chombo kitalitafutia mfano kanushi kama kinavyotafuta mafuriko. Lisipoandikwa, hakitalibuni.

Kwa programu ya Sabaki dai la busara ni fupi: wastani usiwe mdogo kuliko kipimo kidogo kabisa wala mkubwa kuliko kikubwa kabisa. Kwa mistari mitatu ya int, dai hili lingevunjika pale pale, hata kama hukukumbuka kuuliza habari za kufurika, maana hasi 2,553 si wastani wa vipimo vyovyote vilivyo chanya. Kwa long linasimama. Ndiyo sababu mimi humshauri anayeanza aandike madai kabla ya kuandika programu, kwa Kiswahili kwanza, kwenye karatasi. Anayeshindwa kuliandika dai lake kwa lugha anayoota nayo hataliandika vizuri kwa C.

Kihisi chenyewe kinabaki nje ya hayo yote. Sabaki hubeba tope jekundu kutoka bara hadi bahari ya Malindi ibadilike rangi, na kihisi kikikwama kwenye takataka kikawa kinasoma 1,200 mchana na usiku, programu iliyothibitishwa itatoa wastani sahihi wa 1,200. Hilo ni la kwenda na kamba, kila Jumamosi, kukifuta.